Nyoka wa 1,024

Zulrah anazama kwa mara ya mwisho. Kinamasi kinatulia, na kwenye kisanduku cha maandishi unatokea mstari uleule wa siku zote, safari hii ukiwa na namba mpya: 1,024. Jukwaani yamebaki magamba 187, kitani 1,000 na fimbo 10 za vita.

Chonge haipo.

Anayewinda Zulrah, bosi nyoka wa gemu ya mtandaoni Old School RuneScape, anajua kwa nini namba hiyo inauma. Chonge ya tanzanite, Tanzanite Fang kama inavyoandikwa kwenye gemu, ina nafasi moja kati ya 512. Nyoka 1,024 ni mara mbili ya hapo. Mchezaji anayefika hapo bila kitu huuliza swali moja tu: hii akaunti yangu ina kasoro gani?

Swali hilo limenisumbua kwa wiki kadhaa, kwa sababu kila mahali linajibiwa kwa pole. "Vumilia, itakuja." Pole ni nzuri, lakini haimsaidii mtu kuamua kama kesho arudi Zul-Andra, kijiji cha kwenye kinamasi hicho, au akafanye jambo jingine. Nadhani swali lenyewe limekaa vibaya, na likikaa vibaya linaharibu hata namna mtu anavyopigana.

## Namba 512 haiahidi kitu

Kila Zulrah anapokufa, mfumo unachagua dropu, yaani kitu kitakachodondoka, mara mbili. Kila mara, chonge ina nafasi moja kati ya 1,024, na mara mbili hizo ndizo zinazoleta 512. Magic Fang, Serpentine Visage na onyx ambayo haijachongwa zina nafasi hiyohiyo. Ukizijumlisha zote nne unapata kitu kimoja kikubwa kwa kila nyoka 128, kwa wastani.

Wastani ndio unaowapoteza watu.

Nafasi ya kuikosa chonge kwa nyoka mmoja ni 511 kwa 512. Izidishe kwa yenyewe mara 512, utapata takriban 0.37. Maana yake, katika kila wachezaji 100 wanaofika nyoka wa 512, 37 hawajaiona chonge. Kwenye nyoka wa 1,024 wanabaki 13 au 14. Kwenye 1,536 wanabaki watano. Kwenye 2,048 wapo wawili, na hao wawili wana akaunti nzima kabisa zisizo na kasoro yoyote.

Upande wa pili, nusu ya wachezaji wote wanaipata kabla ya nyoka wa 355. Ndiyo maana inaonekana kama kila mtu anaipata mapema: nusu kweli wanaipata mapema, na hao ndio wanaopiga picha ya skrini. Wastani unavutwa hadi 512 na wale wachache wanaokwenda mbali sana.

Jambo la mwisho kuhusu hesabu hii, na ndilo gumu kulikubali: Zulrah hana kumbukumbu. Kuna sehemu nyingine za gemu ambako wasanidi waliweka kinga ya bahati mbaya, kwamba ukikosa sana nafasi inapanda. Hapa haipo. Nyoka wa 1,025 ana nafasi ileile aliyokuwa nayo nyoka wa kwanza.

Kwa hiyo hakuna deni. Gemu haikudai wala huidai.

Ukilielewa hilo kwa dhati, kinachobaki mkononi mwako ni vitu viwili: unaua nyoka wangapi kwa saa, na kila nyoka anakuachia nini hata chonge isipodondoka. Vyote viwili vinaweza kuboreshwa. Bahati haiwezi.

## Tiki

Zulrah aliingia kwenye gemu Januari 2015, na tangu mwanzo alitengenezwa awe wa mtu mmoja. Ukipanda mashua pale Zul-Andra unapelekwa kwenye jukwaa lako mwenyewe. Hakuna rafiki wa kukuponya, hakuna mwenzako wa kubeba makosa yako. Ana uhai wa 500, na pigo lolote ulilompiga linalozidi 50 linapunguzwa hadi kati ya 45 na 50. Silaha za pigo moja kubwa hazina faida hapa. Kinachomuua ni mapigo ya wastani yanayofuatana haraka.

Old School inahesabu kila kitu kwa tiki ya sekunde 0.6. Zulrah anashambulia kila baada ya tiki tatu, yaani sekunde 1.8. Hii ni habari njema kwa anayecheza kutoka Dar, Nairobi au Bujumbura, ambako ishara inaweza kusafiri mbali hadi seva. Ucheleweshaji wa milisekunde 200 unaingia ndani ya tiki moja bila shida. Kinachoua ni ucheleweshaji unaoruka: sasa 180, mara 900, kisha 200. Amri yako ya kubadili sala, ile kinga unayoiwasha dhidi ya aina moja ya shambulio, inafika baada ya tiki kufungwa, inasubiri ijayo, na tayari umekula pigo linaloweza kufika 41.

Basi kabla ya kununua silaha ya gharama, pima laini. Kwenye RuneLite, programu ya kuchezea gemu hii kwenye kompyuta, orodha ya dunia (yaani seva) inaweza kuonyesha ucheleweshaji wa kila moja. Chagua iliyotulia, hata kama si ya chini kuliko zote. Bando halitaisha haraka, gemu hii inakula data kidogo sana. Kama laini ya simu inatetereka jioni mtaa mzima ukiwa mtandaoni, winda alfajiri. Laini ikikatika katikati ya pambano, mhusika wako anabaki pale akipigwa kwa muda, na Zulrah hasubiri.

## Rangi tatu

Hapa ndipo panapotenganisha anayewinda na anayekufa.

Zulrah ana maumbo matatu. La kijani linarusha mishale: weka Protect from Missiles, mpige kwa uchawi. La bluu, ambalo gemu inaliita la tanzanite, hutumia uchawi mara nyingi na mishale mara chache: weka Protect from Magic, mpige kwa mishale. Jekundu halirushi kitu. Linakutazama, linasita, kisha linachapa mkia pale ulipokuwa umesimama. Hilo halizuiwi kwa sala, linakwepwa kwa miguu.

Namba za ulinzi zinaeleza kwa nini ubadilishe silaha. Umbo la bluu lina ulinzi wa 300 dhidi ya uchawi na sifuri dhidi ya mishale. Jekundu ni kinyume chake, 300 dhidi ya mishale na sifuri dhidi ya uchawi. La kijani lina 50 dhidi ya mishale na hasi 45 dhidi ya uchawi, kwa hiyo uchawi unapenya kwa urahisi. Ndiyo maana anayeanza na uchawi peke yake anaweza kumuua: maumbo mawili kati ya matatu yanakubali uchawi. Ila kila anapogeuka bluu, mapigo yako yanadunda na pambano linarefuka.

Kila pambano anafuata mmoja kati ya mizunguko minne ya maumbo hayo. Habadilishi katikati ya mzunguko; ukishaanza, unaendelea hadi mwisho wake. Daima anaanza kijani, katikati. Kinachofuata ndicho kitambulisho. Umbo la pili likiwa kijani upande wa mashariki, ni mzunguko wa tatu. Akiwa bluu, ni wa nne. Akiwa jekundu, ni wa kwanza au wa pili, na bado hujui.

Hapo kwenye "bado hujui" ndipo wengi wanapokufia.

Mizunguko hiyo miwili ya kwanza inafanana hatua tatu mfululizo: kijani, jekundu, bluu, zote katikati. Inaachana hatua ya nne. Akiibuka kijani upande wa kusini ni wa kwanza; akiibuka kijani upande wa magharibi ni wa pili. Mchezaji mwenye haraka anakisia mapema, anakimbilia upande mmoja, na anajikuta kwenye mawingu ya sumu. Usikisie. Simama mahali panapofaa kwa yote mawili, subiri kichwa kitoke majini, ndipo usogee. Unapoteza tiki mbili au tatu. Sumu ingekula zaidi.

Iandike mizunguko yote minne kwenye karatasi, kwa mkono, na uibandike kando ya skrini. Najua zipo picha nzuri mtandaoni, lakini picha iliyofunguliwa kwenye dirisha jingine inakutoa macho kwenye nyoka. Mkono unaoandika unakariri.

Kila mzunguko karibu na mwisho una hatua moja ambayo kijani anapishanisha mishale na uchawi, pigo kwa pigo. Badilisha sala kila shambulio linapotoka kinywani mwake. Ukikosa moja, usihangaike kurudisha mpangilio kwa kubonyeza mara mbilimbili; acha pigo moja lipite, tazama lililofuata lilikuwa la aina gani, endelea kutoka hapo. Mtu akibonyeza kwa hofu anapoteza mpangilio wote, kisha anakula mapigo manne badala ya moja.

Na sumu. Sumu kali ya Zulrah inaanza na 6, inaongezeka kwa 2 kila sekunde 18, hadi 20. Dozi moja ya dawa ya anti-venom+ kabla ya kupanda mashua inatosha kwa pambano la kwanza. Ukiwa na kofia ya Serpentine Helm iliyojazwa magamba, sumu hiyo haikugusi kabisa, na nafasi ya dawa inakuwa ya chakula.

## Nafasi 28

Mkoba una nafasi 28, na makosa mengi ya saa nzima yanaanzia hapa.

Anayeanza hubeba vitu vingi vya kubadili: kofia, shati, suruali, joho, mkufu, silaha, ngao, viatu. Nane. Kila kimoja kinahitaji mbonyezo, na kwenye simu kila mbonyezo ni hatari ya kugusa jirani yake. Gemu ilifika kwenye simu Oktoba 2018 na akaunti ni ileile, kwa hiyo wengi wetu tunapigania hapo. Kwenye simu, badili vinne: silaha, shati, suruali, joho. Vingine acha vibaki vya uchawi, kwa kuwa hatua nyingi zitakuwa za uchawi. Unapoteza usahihi kidogo wa mishale, unapata sekunde na utulivu.

Chakula changanya. Papa anaponya 20, manta ray 22. Karambwan aliyepikwa anaponya 18 tu, lakini anaweza kuliwa papo hapo pamoja na chakula kingine ndani ya tiki ileile. Beba watatu au wanne kwa ajili ya dakika ambayo uhai umeshuka chini ya 41 na shambulio liko hewani. Usiwale mapema. Ndio breki zako za dharura.

Dawa za sala mbili, dawa ya mishale moja, pete ya kurudia benki, na Zul-Andra teleport ya kukufikisha kijijini papo hapo. Kidoleni vaa Ring of Recoil. Inarudisha asilimia kumi ya pigo na nyongeza ya moja, na inavunjika baada ya kurudisha 40. Ni rahisi mno, na kazi yake kubwa si kwa Zulrah mwenyewe. Vinyoka anavyovitema vina uhai wa 1. Kinyoka akikuuma, pete inamuua, nawe hujapoteza shambulio hata moja kumgeukia.

Mahitaji ya chini ninayoweza kumshauri mtu: kiwango cha uchawi 75 ili ushike Trident of the Seas, silaha ya uchawi, mishale 80 hivi, sala 45 ili upate Eagle Eye na Mystic Might, sala zinazoongeza nguvu ya mishale na uchawi. Chini ya hapo unaweza kumuua, ila gharama ya chakula itakula magamba.

## Saa moja ina nyoka wangapi

Chukua mchezaji anayemuua kwa dakika mbili, kisha anarudi benki kila mara kwa dakika moja. Dakika tatu kwa nyoka: 20 kwa saa. Akijifunza kuua wawili kwa safari, ni dakika tano kwa wawili: 24 kwa saa. Akipunguza pambano hadi dakika moja na nusu, bado wawili kwa safari: dakika nne kwa wawili, 30 kwa saa.

Angalia mahali ongezeko lilipotoka. Kutoka 20 hadi 24 hakukuhitaji silaha mpya, kulihitaji kutopigwa. Kutoka 24 hadi 30 ndiko kulikohitaji silaha. Watu wanakopa dhahabu kununua silaha kabla hawajajifunza kukwepa mkia, wanapata ongezeko la pili bila la kwanza, na wanashangaa.

Safari yenyewe ifupishe hivi: Ring of Dueling hadi Ferox Enclave, kunywa kwenye dimbwi linalorudisha uhai na sala, benki iko hapohapo, jaza mkoba kwa mpangilio uleule kila mara, kisha teleport ya Zul-Andra na mashua. Zulrah mwenyewe hudondosha teleport hizo nne kwa pamoja, kwa hiyo usizinunue sokoni ukishaanza kuua kwa uthabiti.

Kifo kimoja kinaharibu hesabu hii kuliko inavyoonekana. Vitu vyako vinatunzwa pale kijijini na unavirudisha kwa ada, lakini ukifa tena kabla hujavichukua unavipoteza. Baada ya kifo, nenda moja kwa moja ukachukue vitu. Usisimame benki kuvaa seti ya akiba ili "umalizie hasira".

Kwa kasi ya 20, nyoka 512 ni saa 25 na nusu. Nyoka 1,024 ni saa 51.

## Magamba

Hapa ndipo mawazo yangu yaligeuka.

Kila Zulrah hudondosha magamba kati ya 100 na 299. Daima. Wastani ni 200 hivi. Wachezaji wengi huyaona kama chenji, yanakusanyika benki yakisubiri chonge ije. Lakini magamba ndiyo mafuta ya vifaa vyote vinavyotokana na nyoka huyu. Toxic Blowpipe, silaha ya kupuliza mishale ambayo ndiyo matumizi ya chonge, inakula magamba mawili kwa kila mishale mitatu. Inabeba hadi 16,383. Kuijaza toka sifuri kunahitaji magamba ya nyoka 82, na ikijaa inapiga mfululizo kwa saa nane na zaidi kidogo. Kila mchezaji mwenye blowpipe, popote anapopigana, anachoma magamba. Kila mwenye Serpentine Helm naye anayachoma. Bidhaa inayochomwa kila siku na maelfu ya watu haikosi mnunuzi.

Kisha kuna jambo ambalo wengi wanalijua bila kulihesabu: chonge ikivunjwa inatoa magamba 20,000. Magic Fang vilevile. Serpentine Visage vilevile.

Tafakari maana yake.

Bei ya vitu hivyo vitatu haiwezi kushuka chini ya bei ya magamba 20,000 na ikakaa huko, kwa sababu mtu atanunua, atavunja, atauza magamba. Hiyo ni sakafu. Na kwa kuwa kila nyoka anatoa 200, sakafu hiyo ni sawa na nyoka mia moja.

Sasa piga hesabu kwa kila nyoka. Vitu vitatu, kila kimoja 1 kati ya 512, kila kimoja kwa thamani ya sakafu ya 20,000: inakuja magamba 117 kwa nyoka. Magamba ya uhakika ni 200 kwa nyoka. Yaani ukithaminisha dropu kubwa kwa sakafu yake, kile unachookota kila mara bila hata kukitazama kinazidi kile unachokisubiri. Bado hujaweka kitani, mbao, makaa, mimea na vito vinavyotokana na ile kete ya mara mbili.

Bei halisi ya chonge huwa juu ya sakafu, wakati mwingine juu sana, na uwiano unabadilika. Lakini hoja inasimama. Aliyefika nyoka wa 1,024 bila chonge ana takriban magamba 205,000 yaliyopita mikononi mwake. Ni sawa na vitu kumi vikubwa vilivyovunjwa. Mtu huyo hajakaa mikono mitupu. Amekuwa akilipwa kila dakika tatu, na macho yake yako kwenye kitu kingine.

Kwa hiyo uza magamba mara kwa mara. Usiyarundike hadi chonge ije. Bei yake inapanda na kushuka na masasisho ya gemu: silaha ikipunguzwa nguvu, watu wanachoma kidogo, bosi mpya akija anayeuawa vizuri kwa mishale ya haraka, wanachoma sana. Mwaka 2021 blowpipe ilipunguzwa nguvu, na Desemba mwaka huohuo soko la Grand Exchange likaanza kutoza kodi ya asilimia 1, ambayo baadaye ilipandishwa hadi 2. Sehemu ya kodi hiyo hutumika kununua vitu na kuvifuta kwenye gemu ili visijae. Mwindaji makini anafuatilia mambo haya kama mkulima anavyofuatilia bei ya mahindi.

## Jiwe lenyewe

Nimekuwa nikiliandika jina tanzanite kana kwamba ni la kinamasi cha Zul-Andra. Msomaji wa Kiswahili anajua lilikotoka: Mererani, Simanjiro, eneo dogo la kilomita chache ambalo ndilo pekee duniani linalochimbwa jiwe hilo. Liligunduliwa mwaka 1967. Mwaka 2018 ulizinduliwa ukuta wa kilomita 24 hivi kuzunguka machimbo, kuzuia utoroshaji. Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, na Agosti akarudi na la tatu, la kilo 6.3.

Wachezaji wanapenda kumtaja Laizer wanapozungumzia bahati. Mimi sipendi, na si kwa sababu habari yake haipendezi.

Wanaapolo, yaani wachimbaji wa Mererani, wengi wanashuka shimoni bila mshahara. Wanapewa chakula na wanasubiri mgawo jiwe litakapotoka. Hakuna aliyewaambia nafasi ni moja kati ya 512. Hakuna magamba 200 kila wanapopanda juu. Shimo linaweza kuwa halina kitu kabisa, na mwamba unaweza kuanguka. Mchezaji ana kile ambacho mchimbaji hana: namba inayojulikana, isiyobadilika, pamoja na malipo ya uhakika kila raundi. Akijiita mwanaapolo kwa sababu nyoka 1,024 hawajampa chonge, anachukua mateso ya mtu mwingine.

Na anajinyima faida yake mwenyewe, maana faida yake ni kwamba namba zote ziko mezani.

## Dhahabu kwa pesa

Swali linalofuata huwa linakuja: je, dhahabu hiyo inageuka shilingi?

Kanuni za Jagex, kampuni yenye gemu hii, zinakataza kuuza dhahabu kwa pesa halisi, na akaunti zinafungwa. Mfano ambao kila mchezaji wa zamani anaujua ni Venezuela, ambako uchumi ulipoporomoka watu wengi walikaa kwenye gemu hii wakiua mazimwi ya kijani na Zulrah ili wauze dhahabu wapate mlo. Walikuwa wakifungiwa, wakianza upya, wakiwindwa na wachezaji wengine waliojisifu kwa kuwaua. Sioni sifa yoyote katika hilo. Lakini pia simshauri mtu aweke kodi ya nyumba yake kwenye akaunti inayoweza kufutwa usiku mmoja.

Njia halali ipo na ni ndogo: Bond. Unainunua kwa dhahabu pale Grand Exchange, nayo inakupa siku 14 za uanachama. Kwa mtu asiye na kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, hii si jambo dogo. Zulrah ni wa wanachama tu, hivyo uanachama wa kwanza lazima utoke mahali pengine. Baada ya hapo, kinamasi kinaweza kujilipia chenyewe. Tazama bei ya Bond siku hiyo, igawe kwa mapato yako ya saa, utajua ni saa ngapi za kila wiki mbili zinakwenda kulipia haki ya kuendelea kucheza. Kwa anayeua kumi kwa saa jibu linaweza kuwa chungu. Kwa anayeua 25 ni jioni chache.

## Ikidondoka

Kama huna blowpipe na unapigana sehemu nyingi zinazotaka mishale, tengeneza. Patasi, chonge, kisha uijaze magamba yako mwenyewe. Usiijaze 16,383 mara moja. Weka elfu tatu, uza mengine, ongeza yanapokaribia kuisha. Magamba yaliyokaa ndani ya silaha hayakuletei dhahabu.

Kama tayari unayo, linganisha bei ya sokoni baada ya kodi na bei ya magamba 20,000 siku hiyohiyo. Inayozidi ndiyo unayoifuata. Serpentine Visage mara nyingi hukaa karibu na sakafu kuliko chonge, kwa hiyo kabla ya kuiuza fanya hesabu mara mbili. Ikiwa unakula dawa ya sumu kila safari, ni bora kuitengeneza kofia.

Na kama haijadondoka, na umefika 1,024, angalia kasi yako ya wiki iliyopita. Ikiwa iko chini ya 15 kwa saa, tatizo liko kwenye hatua ya nne ya mizunguko miwili ya kwanza au kwenye vitu nane unavyobadili. Anzia hapo. Ikiwa iko juu ya 20 na magamba yanauzika, nyoka wa 1,025 analipa sawasawa na wa kwanza. Ukichoka, nenda kwa bosi mwingine, uanachama wako bado una siku.